Tulivyoipima Hamu ya Kiingereza Huku Mlimani

Walimu vijana wa chuo waliponiomba niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau, nadhani walitaka mawaidha. Mawaidha sina. Nilicho nacho ni hasira iliyokaa nami muda mrefu hata tumezoeana, pamoja na mambo machache niliyoyajua kwa kuyafanya mwenyewe. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Anayezitaka atazikuta kwenye majalada, kama panya wamebakiza kitu.

Nilizaliwa Kirua Vunjo, katika nyumba ya Wakatoliki, kwenye kihamba, shamba la ukoo la kahawa na migomba. Kiswahili nilikikuta shuleni, na Kiingereza nikakikuta mbele zaidi, kwa hiyo nilikuwa nimeshakuwa mgeni katika lugha mbili kabla sijaanza kuwafundisha wageni wenzangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu wakubwa wa elimu waliotoka sehemu nyingine walikuwa wakisahau kwamba huku kwetu mtoto aliweza kuingia darasa la kwanza hajui hata kuomba maji kwa Kiswahili. Wao walidhani Kiingereza ndicho kizingiti cha kwanza. Kwetu kilikuwa cha pili, na miguu ilikuwa imeshachoka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya Old Moshi, miezi michache kabla ya Uhuru. Siku ya kwanza niliingia darasani, watoto wakasimama, wakanisalimu kwa Kiingereza kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka. Nikafurahi sana. Nikasema moyoni kazi hii itakuwa nyepesi. Kisha nikamgeukia mtoto mmoja wa mstari wa mbele nikamwuliza jina lake kwa lugha ileile. Akanyamaza. Nikarudia polepole, nikitabasamu. Machozi yakaanza kumshuka, mdomo umefungwa, na wenzake wakaanza kucheka.

Nyuma ya darasa alikuwa amekaa Mwalimu Anaeli, mzee wa Old Moshi aliyekuwa amepewa kazi ya kuniangalia. Alikuwa amefundisha tangu enzi ambazo kibao na kalamu yake vilikuwa mali ya thamani. Alingoja mpaka kengele ilipolia na watoto wakatoka.

"Uliyaona mabega yake?" akaniuliza.

"Sikuyaona, Mwalimu."

"Yalipanda yakagusa masikio kabla hujamaliza swali. Yule mtoto jina lake analijua. Asichojua ni kama yeye, kwa Kiingereza, ni mtu."

Sijawahi kusikia tena, katika vitabu nilivyosoma baadaye wala kwa wataalamu niliowafanyia kazi, mtu aliyelisema jambo hilo kwa ufupi zaidi. Mwalimu Anaeli alinifundisha kuuliza swali na kungoja, kungoja kweli, mpaka mtu aweze kusali Baba Yetu kimoyomoyo na kuimaliza. Alinifundisha kuwaketisha watoto waoga mahali ambapo hawaoni nyuso za wenzao. Alinikataza kusahihisha kosa mbele ya darasa katika wiki za mwanzo. "Makosa hayatoroki," alikuwa akisema. "Utayakuta palepale. Mtoto ndiye anayetoroka." Alistaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa wa kifua, akafa kabla wataalamu hawajatufikia. Nimewahi kufikiri kwamba alibahatika.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa shule ya sekondari ya wasichana upande wa Marangu. Ulikuwa wakati wa Ujamaa umepamba moto. Asubuhi tulikuwa shambani na zizini kabla ya kuingia darasani, kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, na sioni aibu kusema kwamba nguruwe wetu walinenepa kuliko sisi. Kuhusu Kiingereza, mambo yalikuwa ya ajabu. Kwenye mikutano tuliambiwa ni lugha ya mabwana waliokwisha kuondoka. Tukirudi shuleni tulikumbushwa kwamba mtihani wa taifa utafanywa kwa lugha hiyohiyo. Msichana mwenye akili timamu alitakiwa kuidharau na kuifaulu kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nilipokutana na Aikande. Alikuwa msichana mrefu, mkimya darasani, mwenye mazoea ya kusogeza midomo anaposoma. Baba yake, Meku Ndesario, kama tunavyowaita wazee kwetu, alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Kila aliposhuka alimletea binti yake makopo matupu yaliyotupwa kambini, na Aikande akawa anasoma maandishi ya makopo yale kama wengine wanavyosoma riwaya. Siku moja aliniuliza maana ya neno aliloliona kwenye kopo la samaki. Ilinibidi nikalitafute kwenye kamusi kubwa ya ofisini, nikarudi nikamwambia kana kwamba nilikuwa nalijua tangu zamani.

Nilimwuliza kwa nini anakipenda Kiingereza namna ile. Akaniambia kwa Kichagga, maana mambo ya nyumbani tuliyasema kwa Kichagga tukiwa wawili.

"Sikipendi, Mwalimu. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea baba chakula pale njia ya mlimani inapoanzia. Nikakuta mgeni mmoja anamfokea. Baba anatabasamu, anaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sababu ndilo neno alilolijua. Mimi nililishika lile neno la mgeni, sauti yake tu. Nilipoanza shule nikalitafuta. Alikuwa anamwita mwizi. Na baba anasema ndiyo."

"Pole, mwanangu."

"Nataka siku moja niweze kuwajibu. Basi."

Nimefundisha maelfu ya watoto. Sikuwahi kukutana na hamu kubwa kuliko ile.

Dakta Lwiza alikuja Aikande akiwa kidato cha pili. Alitoka kanda ya Ziwa, alikuwa amesoma nchi za nje, na alikuwa amepewa kazi ya kutafuta sababu za wanafunzi wetu kushindwa Kiingereza. Alisema kushindwa hakutokani na akili peke yake. Kunatokana pia na jinsi mtoto anavyojitazama mwenyewe na jinsi anavyoitaka lugha, na mambo hayo mawili yanaweza kupimwa. Nilimsikiliza nikamkumbuka Mwalimu Anaeli, nikafurahi kwamba hatimaye mtu mwenye gari la serikali amelifikia jambo lile. Tena Dakta hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuniambia jinsi wenzake wa shule walivyoigiza lafudhi yake mpaka akaacha kusema darasani mwaka mzima. Aliamini kwamba angekuwepo mtu wa kumpima wakati ule, angeokolewa.

Alinichagua mimi nimsaidie kwa sababu nilizijua lugha zote tatu za wasichana walio wengi pale. Kazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na dodoso lenye kauli nyingi, zilizotungwa ng'ambo kwa ajili ya watoto wa ng'ambo. Chini ya kila kauli mwanafunzi alichagua kama anakubali kabisa, anakubali, hana hakika, hakubali, au hakubali kabisa. Kila jibu lilikuwa na alama yake, alama zikajumlishwa, na jumla ikawa ndiyo mtoto. Mimi nilitafsiri, nikapiga stensili kwa taipureta, nikazungusha mashine kwa mkono. Karatasi zilikuwa haba, tukachapa nyuma ya fomu za zamani. Wino ule haukutoka kwenye kucha zangu kwa wiki nzima, na hata Kanisani nilificha mikono.

Nawaambia vijana: jaribuni maswali yenu kwa watu wachache kabla ya kuyapeleka kwa wengi. Mimi niliyajaribu kwa wasichana wa zamu ya jikoni. Kauli ya kwanza ilisema, "Ninajiona kuwa hodari wa kusema Kiingereza." Wote wakajibu hawakubali kabisa. Hata Felista, aliyekuwa akiongoza mdahalo kila mwezi na kuwaacha walimu wengine hoi.

"Felista," nikamwambia, "mbona hapa umekataa?"

"Wameuliza kama najiona, Mwalimu. Mimi sijioni. Mama akisikia nimejiona atanichapa."

Nikaketi juu ya gunia la mahindi nikacheka peke yangu. Neno nililochagua kwa kuwafuata Waingereza lilikuwa kwetu neno la maringo. Msichana aliyelelewa vizuri asingekubali kauli ile hata kwa fimbo. Waliokuwa na adabu wangeonekana hawajithamini, na wenye majivuno wangeonekana ndio wenye afya ya nafsi.

Nilimkimbilia Dakta Lwiza. Naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka.

"Tatizo ni kwamba kauli hizi zimetumika nchi nyingi," akasema. "Nikizibadilisha, sitaweza kulinganisha."

"Kulinganisha nini, Dakta? Utalinganisha majibu ya maswali mawili tofauti."

"Tubadilishe zile tunazoweza."

Tulibadilisha chache. Nyingine zilibaki kwa sababu stensili zilikuwa zimeshapigwa na ofisi haikuwa na nyingine. Mpaka leo nikisikia mtaalamu anasoma matokeo kwa sauti nzito, najiuliza ni mangapi kati ya hayo yalitokana na uhaba wa stensili.

Siku yenyewe wasichana walikaa kwenye bwalo la chakula. Nilisimama mbele nikawaeleza kwa Kiswahili kwamba hakuna jibu zuri wala baya, na kwamba karatasi hizi hazitahusiana na alama zao wala masomo yao. Niliwaahidi hivyo kwa sababu Dakta alikuwa ameniahidi hivyo, na Dakta aliahidi kwa sababu wakubwa wake walimwahidi. Wakaanza. Sauti ilikuwa ya penseli tu.

Aikande akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa wanauliza kama najifunza ili nifanane na wenye lugha hii. Hapa wanauliza kama ni kwa ajili ya kazi ya ofisini. Hapa kama ni kwa kusafiri. Sababu yangu haimo. Niiandike wapi?"

Nilimtazama Dakta Lwiza. Ni yeye aliyemjibu, kwa upole.

"Huandiki, binti. Unachagua kati ya zilizopo."

"Hakuna ya kuchagua."

"Basi kwa kila moja chagua kwamba hukubali."

Akachagua hivyo. Alikuwa msichana wa kufuata maelekezo.

Muhula uliofuata ofisi ya elimu ilileta mpango wa majaribio. Kuanzia kidato cha tatu, wasichana wangegawanywa katika mikondo. Mkondo wa lugha ungepata vipindi vingi vya Kiingereza, vitabu vipya na mwalimu maalumu. Waliobaki wangeingia mkondo wa sayansikimu, kushona na kupika, na vipindi vyao vya Kiingereza vingepunguzwa. Katika kuchagua, alama za darasani zilitumika, lakini zilitanguliwa na alama za dodoso. Mpango ulisema rasilimali za taifa lazima ziende kwa wenye motisha. Jina la Aikande lilikuwa sayansikimu. Pembeni yake palikuwa na maneno mawili: motisha duni.

Niliteremka mjini Moshi kesho yake. Dakta Lwiza nilimkuta kwenye chumba alichoazimwa katika ofisi ya elimu, anafunga masanduku ya karatasi.

"Uliniahidi," nikamwambia.

Akaufunga mlango kwanza. "Niliahidi kazi ilipokuwa ya utafiti. Sasa karatasi ni za ofisi. Sikuulizwa, Mwalimu Filomena. Nimezikuta zimeshatumika."

"Basi nenda uwaambie hazifai kutumika hivyo. Wewe ndiye mwenye shahada."

"Nikisema hazifai kuwagawa, wataniuliza zinafaa nini. Watafunga kazi yote." Akakaa kwenye kiti, akaonekana mdogo. "Tukiwa na subira, mwakani tutatengeneza dodoso zuri zaidi."

"Mwakani Aikande atakuwa anashona foronya."

Nilimwacha nikapanda ngazi kwa afisa wa elimu mwenyewe, aliyeuleta mpango. Jina lake silitaji, halina faida. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye haraka, na hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, walimu wa Kiingereza hawatoshi," akasema. "Niwape wanaokitaka au wasiokitaka?"

"Huyu anakitaka kuliko wote waliochaguliwa."

"Karatasi inasema hakitaki."

"Karatasi haikumwuliza."

"Imemwuliza maswali mengi kuliko uliyowahi kumwuliza wewe. Na tena," akafungua jalada akatazama, "naona hapa wewe ndiye uliyeitafsiri."

Nilieleza habari ya neno kujiona. Nilieleza habari ya sababu isiyokuwemo. Alinisikiliza huku akitia sahihi karatasi nyingine. Nilipomaliza akaniambia kwamba mpango umeshapelekwa juu, na kwamba walimu wa huku mlimani tuna desturi ya kuwatetea watoto wa majirani. Nikamwambia Aikande si jirani yangu, mimi ni wa Kirua. Akasema kwake ni kulekule.

Wiki hiyo Meku Ndesario alishuka kutoka mlimani akaja moja kwa moja shuleni, bado amevaa koti la baridi walilomwachia wageni. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha walimu mpaka nilipotoka.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba, Mwalimu. Mwanangu ana kosa gani?"

"Hana kosa. Wamewapima wasichana wote."

"Wamempima nini?"

Neno motisha halina mwenzake katika Kichagga, au mimi sikulipata. Nikamwambia wamempima njaa yake ya Kiingereza.

"Wakaikuta?"

"Wamesema ni ndogo."

Akaitazama mikono yake, ile mikono iliyopasuka kwa baridi. "Mimi huko juu naokota makopo, wenzangu wananicheka kwamba nakusanya takataka. Huyu mtoto anayasoma mpaka mama yake anamnyang'anya ili ale. Wamempima wapi, Mwalimu?"

"Kwenye karatasi, Meku."

"Angekuwa ni mtu amesema hivyo, ningemfuata kwake tukae tuzungumze. Karatasi nitaifuata wapi?" Akainuka, akanishukuru kwa kumpokea, akaenda zake.

Nilifanya kilichobaki kufanyika. Kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nilianza kuwaita wasichana mmoja mmoja alasiri, nikamtaka kila mmoja anieleze yeye ni mtu wa namna gani. Kwanza kwa lugha ya nyumbani kwao. Siku nyingine kwa Kiswahili. Siku nyingine tena kwa Kiingereza. Wale waliotoka mikoa mingine nilitafuta mtu wa lugha yao akae nami. Kila nilichosikia niliandika kama kilivyosemwa.

Aikande kwa Kichagga alikuwa mtu wa kuogopwa. Alinieleza jinsi alivyobishana na shangazi yake kuhusu mpaka wa majani ya ng'ombe mpaka shangazi akasalimu amri, akaigiza sauti za wajomba zake nikacheka nikashika mbavu. Kwa Kiswahili akaketi wima akasema yeye ni mwanafunzi, anatii wakubwa, analipenda taifa lake. Kwa Kiingereza mabega yalipanda. Alisema yeye ni msichana, ni mrefu, ni maskini, hana akili nyingi, na anaomba radhi.

"Unaomba radhi ya nini?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Sijui, Mwalimu. Ndivyo sentensi zinavyoisha."

Haikuwa kwa Aikande tu. Wasichana karibu wote walikuwa watu watatu. Yule wa Kiingereza alikuwa mdogo, mnyonge, mwenye makosa, kwa sababu sentensi tulizowapa sisi walimu zilikuwa za kuomba ruhusa, za kuomba msamaha na za kueleza kwamba kalamu iko juu ya meza. Hawakuwa wamepewa sentensi ya kubishana na shangazi. Nawasihi vijana mlishike hili hata mkisahau mengine yote: kabla hujapima mtoto anajitazama vipi, jua anajitazama kwa lugha gani. Niliyapanga maelezo yale, nikayapiga taipu, nikampa Dakta Lwiza. Aliyasoma mbele yangu. Alisema ni kazi bora kuliko yake, na naamini alisema kweli.

Taarifa yake ilisomwa kwenye ukumbi mjini, mbele ya walimu wa wilaya na wageni wawili kutoka nje. Ilisomwa kwa Kiingereza. Kurasa zangu hazikuwemo. Zilikuwa zimegeuka mstari mmoja wa shukrani kwa mwalimu wa hapa kwa msaada wa tafsiri. Dakta aliniambia baadaye kwamba wakubwa walisema haziwezi kuwekwa kwenye majedwali. Mwenyekiti alipouliza kama kuna swali, ukumbi mzima wa walimu wa Kiingereza ulinyamaza, na kila mtu akatazama viatu vyake. Taarifa ilikuwa imetoka kueleza ugonjwa ule wa kuogopa kusema Kiingereza kwa saa nzima, na wagonjwa walikuwa wameketi pale kwenye viti.

Nilisimama mimi. Nilianza kwa Kiswahili. Mwenyekiti akaniomba, kwa heshima ya wageni, nitumie Kiingereza. Nikatumia. Nilikifundisha kila siku, lakini mbele ya afisa yule na miwani ya wageni wale niliyasikia mabega yangu yakipanda. Nusu ya niliyokusudia ilipotea njiani. Mmoja wa wageni aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akaandika kitu. Nikaketi.

Mwisho wa mwaka nilihamishwa. Barua ilisema ni kwa mahitaji ya kazi. Nilipelekwa chini kwenye joto, shule iliyo karibu na mashamba ya miwa, kwenye watoto wa wafanyakazi waliotoka kila upande wa nchi. Nilifundisha huko mpaka mwisho. Sitasema nilikaa bure. Watoto wale walitoka kila nyumba na lugha yake, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake kwa lafudhi, na niliwafundisha kwanza kubishana kwa Kiingereza kabla ya kuomba ruhusa. Wakaguzi walilalamika kwamba darasa langu lina kelele. Mkondo wa lugha kule Marangu ulidumu miaka michache. Mwalimu maalumu alipoondoka hakuletwa mwingine, mpango ukafa kimyakimya. Hakuna aliyewafuata wasichana waliotolewa kuwaambia kwamba kipimo kimeshatupwa. Dakta Lwiza alirudi chuo kikuu, akaniandikia mara moja, nami sikumjibu.

Nilipokaribia kustaafu nilipanda Marangu kumwona Aikande. Nilikuwa nimesikia baba yake amefariki na kwamba yeye ameolewa kulekule. Mumewe, Eliapenda, aliwahi kuwa mpagazi na sasa alikuwa kiongozi wa wageni mlimani. Alinipokea kwenye kihamba, na alipojua mimi ni mwalimu wa Kiingereza akaanza kuzungumza nami kwa lugha hiyo. Nilishangaa. Alisema vizuri, bila hofu, mabega yametulia. Alinieleza kwamba kwenye usaili wa viongozi aliwashinda wenzake wote.

"Umejifunzia wapi?" nikamwuliza.

"Jikoni, Mwalimu. Mke wangu ndiye aliyenifundisha, kila ninaposhuka."

"Na yeye hakwenda kwenye usaili?"

Akacheka, si kwa dharau. "Mwanamke, mlimani?"

Aikande aliingia na mzigo wa majani kichwani, akautua, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa amenenepa, uso wake mzuri. Nilimsemesha kwa Kiingereza. Alielewa kila neno, akanijibu lote kwa Kichagga, kwa heshima, akaniuliza habari za afya yangu na za ndugu zangu wa Kirua. Nikajaribu tena. Akajibu vilevile.

"Aikande, mbona hunijibu kwa Kiingereza?"

"Kwa mume wangu kina kazi, Mwalimu. Kwangu hakina."

"Lakini kilichomo kinywani mwake ni chako."

"Ndiyo, ni changu." Aliniwekea bakuli la mtori wa ndizi mbele yangu, akanitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza niliona huruma machoni mwake, huruma ya kunihurumia mimi. "Yale mambo hayaniumi tena. Yanakuuma wewe."

Kisha akachukua ndoo akaenda bandani kukamua ng'ombe. Mimi nikakaa na mumewe, nikala mtori. Aliendelea kunisimulia kwa Kiingereza habari za mgeni mmoja aliyezidiwa na baridi karibu na kileleni, jinsi walivyombeba mpaka chini. Alisimulia vizuri. Mahali fulani katikati aliteleza kwenye kitenzi. Kutoka bandani, bila kuacha kukamua, Aikande akatamka neno moja kwa Kiingereza, safi, kwa sauti ya kutosha kutufikia. Eliapenda akalirudia kama lilivyotamkwa, akaendelea na hadithi yake.